Wazee Niliowaandikia Ripoti

Kazi ya kuwachunga wazee mlimani nilipewa siku ya Alhamisi, na mpaka Ijumaa jioni nilikuwa bado namlaani kimoyomoyo aliyenipa.

Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Mbuba, wilayani Ngara. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, sina mume, nina mtoto wa kike wa miaka minne aliyekuwa akilelewa na mama yangu kule Kirushya. Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya mtoto wangu. Nilikuwa naondoka kwa miguu kabla jua halijachomoza, namkuta amekwisha kuogeshwa ananisubiri, namsuka nywele, tunakula, nalala naye, na Jumapili baada ya misa narudi kazini. Katibu wa tawi alilijua jambo hilo kama alivyojua mambo ya kila nyumba ya kijiji kile, maana nyumba zenyewe zilijengwa kwa mistari, ukisimama barabarani unaziona zote hadi vyoo vyake.

"Mwalimu," aliniambia bila kuinua macho kwenye karatasi zake, "kuanzia wiki hii Jumamosi utapanda mlima na wale wazee. Utaniandikia ripoti. Wamekwenda wangapi, wamerudi wangapi, wamefanya nini, wamesema nini."

"Wazee gani, ndugu katibu?"

"Wa chama cha mazoezi." Akatoa kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Jumamosi namwona mwanangu."

"Taifa zima ni watoto wetu, mwalimu."

Nilitaka kumtupia kile kidau cha wino. Nikasema, "Sawa, ndugu katibu," nikatoka.

Chama hicho kilianzishwa kwa ujanja, na mwenye ujanja huo alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa mpishi wa mapadre Rulenge. Miaka michache kabla sijafika mimi, watu wote waliokuwa wakiishi juu ya mlima ule waliteremshwa na kupangwa kando ya barabara. Waliambiwa watapata shule, zahanati na bomba la maji. Shule ilikuja. Zahanati ilikuja bila dawa. Bomba halikuja mpaka mimi nahamishwa. Kurudi juu kulima mahame yao kukapigwa marufuku, na aliyeonekana akipanda na jembe aliitwa ofisini kujieleza. Basi siku moja redio ikatangaza kwamba watu wazima wote wanahimizwa kufanya mazoezi ya viungo kwa ajili ya afya zao na ujenzi wa taifa. Yule mzee mpishi alilisikiliza tangazo mpaka mwisho, akavaa koti, akaenda ofisini. "Sisi wazee tumeitikia wito," alisema. "Tunaomba kibali cha kupanda mlima kila Jumamosi." Katibu hakuwa na la kumkatalia, kwa sababu tangazo lilitoka juu. Akaandika kibali, akagonga muhuri. Alipotambua kwamba amechezewa, wino ulikuwa umekwisha kukauka. Ndipo nikatafutwa mimi.

Jumamosi ile ya kwanza niliwakuta saba, wamesimama nyuma ya goli la uwanja wa shule, kila mmoja na fimbo yake. Nikawaamkia, wakaitikia kwa pamoja. Bibi mmoja mfupi, mwenye goti lililovimba kama kibuyu, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya plastiki.

"Marahaba, mwarimu," akasema. "Wewe ndiye askari wetu?"

Nikashika njia, nikapanda kwa hasira. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba nikienda upesi nikarudi upesi, huenda ningewahi Kirushya hata jioni. Nikapita mikaratusi ya misheni, nikapita majani marefu yaliyonikata miguu, nikavuka kijito, nikaukwea ukingo wenye mawe, na nilipofika juu jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kiunoni. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikangoja. Nikaita. Mwishowe nikateremka tena, huku nikijiambia kwamba kama mmoja wao amezimia nitamwandikia katibu ripoti ya matusi.

Niliwakuta hawajafika hata nusu ya njia, wameketi juu ya jabali bapa wakigawana mahindi ya kuchemsha.

"Mwalimu, umefika juu?" akauliza mzee mpishi.

"Nimefika na nimerudi!"

"Hongera. Sasa njoo upande na sisi." Akanipa nusu ya hindi lake. "Utaratibu wetu ni mmoja. Mwenye mguu mzito kuliko wote ndiye anayetangulia. Hakuna kumpita, hakuna kumhimiza, hakuna kumpumulia kisogoni. Akisimama, tumesimama."

"Na mwenye haraka?"

"Huyo anakaa nyuma kabisa, ajifunze kutazama migongo ya watu."

Yule bibi wa goti akajiinua kwa fimbo yake, akatangulia. Nyuma yake wakafuata wanawake wawili wajane, kisha ndugu wawili wa tumbo moja ambao hawakuwa wamesemeshana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, shamba ambalo wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kulilima. Kisha akaja mzee mmoja Mwislamu, mwenyeji wa Biharamulo, aliyeoa huku zamani. Yeye hakuwa na mahame yake juu, lakini mke wake alizikwa kule. Mpishi alikuwa wa mwisho, na nyuma yake mimi. Tulikwenda kwa mwendo wa bibi. Akisema "Buhoro," yaani polepole, sote tulisimama, na hakuna aliyeguna isipokuwa mimi.

Tulitumia saa tatu kufika mahali nilipofika kwa saa moja.

Juu palikuwa na mahame. Migomba iliyokosa wa kuipogoa ilikuwa imesongana, majani makavu yananing'inia hadi chini. Kati ya migomba hiyo ungeona mviringo wa ardhi ngumu ambapo palikuwa na nyumba, jiwe la kusagia limelala kifudifudi, nguzo imeungua nusu. Wazee walitawanyika bila kuambiana kitu, kila mmoja akaenda kwake. Walikuwa wameficha mapanga katika mashina ya migomba. Nikaona, na nikajua kwamba wamejua nimeona.

Nilimfuata bibi wa goti. Alisimama kwenye mviringo wake, akasema, "Ingia, mwarimu, usisimame mlangoni." Hakukuwa na mlango. Nikaingia hata hivyo. Akanikalisha karibu na mafiga matatu yaliyokuwa bado mahali pake.

"Siku walipokuja nilikuwa hapo ulipokaa," alisema. "Nilikuwa nabandika chungu. Wakaniambia, bibi, toka, lori linangoja chini. Nikawaambia maharage yangu yana maua, ningojeni mwezi mmoja tu nivune. Kijana mmoja akacheka. Akapanda juu ya nyumba akaanza kung'oa nyasi za paa. Mvua ilikuwa inanyesha. Ilinyesha humu ndani, juu ya kitanda, juu ya chakula, juu ya mume wangu aliyekuwa mgonjwa. Yeye alifia barabarani baada ya wiki mbili, katika kibanda cha majani. Maharage yalikomaa yenyewe, yakapasuka yenyewe."

"Nani aliyekuwa kiongozi wao?"

"Unamwandikia ripoti," akasema.

Nilikaa pale kwenye mafiga nikashindwa pa kuweka mikono. Tangu nitoke chuo cha ualimu nilikuwa nafundisha watu kusoma sentensi zilizosema kwamba kuishi pamoja ni kujenga. Niliziamini. Nadhani kwa namna fulani naziamini hata leo, na hiyo ni sehemu ya hasira yangu: kwamba jambo zuri linaweza kukabidhiwa mtu wa kung'oa paa mvua ikinyesha.

Jumamosi zikafuatana. Walikuwa wanapogoa migomba kidogo kidogo, wanang'oa machipukizi yaliyozidi, wanasafisha makaburi, kisha wanawasha moto na kuchoma ndizi. Tulikula tukitazama milima ya Burundi kwa mbali. Katika ripoti zangu mapanga hayakuwepo. Niliandika: "Wazee saba walipanda. Wazee saba walirudi. Walifanya mazoezi ya viungo." Katibu alisoma, akaweka ndani ya faili.

Nisijipambe. Hasira yangu ya mwanzo haikuisha kwa sababu nilianza kuwapenda. Mtoto wangu nilimwona mara moja kwa mwezi tu, nikipata ruhusa, na katika safari moja ya hizo nilimkuta anamwita mama yangu "mama", na mimi ananiita "mwalimu" kama walivyoniita majirani. Nilirudi kazini nikilia njia nzima. Jumamosi iliyofuata nilipanda mlima nimenuna, na bibi wa goti, bila kugeuka kutoka kule mbele, akasema kwa sauti, "Nyuma huko kuna mtu anavuta pumzi kama ng'ombe aliyenyimwa chumvi. Nani amemchukulia nini?" Nikawaeleza. Mzee mpishi akasema nisiende nao wiki ijayo, niende Kirushya, wao wataapa kwamba nilikuwapo. Nikaenda. Wakaapa. Walifanya hivyo kila baada ya wiki mbili, kwa miezi mingi, na ripoti za siku ambazo sikupanda nilizitunga Jumapili jioni kutokana na maelezo waliyonipa.

Sasa nitaeleza juu ya ripoti moja, ambayo sikuitunga.

Ilikuwa siku ya kiangazi. Ndugu wale wawili walikuwa wamekata magogo makavu ya mgomba na kuyalundika, na moto ulipowashwa, moshi ukapanda mweupe, mnene, ukasimama juu ya mlima kama nguzo. Mzee mpishi, ambaye binti yake aliolewa Burundi na hakuwa amemwona kwa miaka, akasimama mikono kiunoni akasema, "Watu wa ng'ambo ya mto leo watajua kwamba bado tupo." Tukacheka sote, hata wale ndugu, kila mmoja akiangalia upande wake. Maneno yale yalinipendeza. Nilikuwa mtu wa kupenda maneno mazuri, na nilikuwa nimechoka kuandika ripoti kavu. Jioni ile nikaandika: "Juu ya mlima waliwasha moto mkubwa, moshi ukaonekana mpaka barabarani. Mzee kiongozi alisema kwamba watu wa ng'ambo ya mto watajua bado tupo." Niliisoma mara mbili, nikajipongeza.

Miezi ikapita. Kisha vita ikaja. Adui alivamia kaskazini ya mkoa wetu, mbali na sisi, lakini redio ililia mchana na usiku, na malori yote yakachukuliwa kupeleka askari. Vijana wa kijiji wakaandikishwa. Waliobaki wakapewa mafunzo ya mgambo kwenye uwanja wa shule. Ikatangazwa tuzime taa kwa sababu ya ndege, na tuwaangalie wageni kwa sababu ya wapelelezi. Katibu akavaa kombati na viatu virefu vyeusi. Alianza kutembea hata chooni kama mtu anayekagua gwaride.

Niliwaambia wazee tupumzike mpaka vita iishe. Mzee mpishi akasema, "Kibali hakijafutwa. Na goti la bibi likipumzika mwezi mzima, halitapanda tena." Tukapanda.

Tulikuwa tumeanza kuchoma ndizi walipotokea. Walikuwa mgambo sita na katibu, wana marungu na bunduki moja. Walikuja wakikimbia, wameinama kati ya migomba, kana kwamba kuna jeshi. Wakatukuta tumekaa kwenye majani makavu, ndizi mkononi.

"Simameni! Mikono juu!"

Wazee wakajaribu kusimama. Si jambo la mara moja kwa mtu wa miaka sabini aliyeketi chini. Mgambo mmoja, ambaye nilikuwa nimemfundisha kuandika jina lake, alimvuta mzee wa Biharamulo kwa ukosi wa kanzu. Katibu akaupiga moto teke, ndizi zikaruka.

"Mnampa adui ishara," alisema.

Nilidhani anatania. "Ndugu katibu, hawa wanachoma ndizi. Nipo nao hapa."

"Najua upo nao. Wewe ndiye uliyetuambia."

Sikuelewa. Akayakuta na mapanga, akayanyanyua moja moja kuwaonyesha mgambo. Kisha akawapanga wazee kwa mstari mmoja, akatangulia yeye, na mgambo wakashika nyuma.

"Mbele tembea! Haraka! Kushoto, kulia!"

Mzee mpishi akasema kwa utulivu, "Mwanangu, huyu bibi hutangulia yeye. Goti lake halitaki kusukumwa."

"Hapa si chama cha mazoezi!"

Nilipiga kelele. Nilimwita kwa jina lake, bila undugu wala ukatibu. Mgambo mmoja akaniwekea rungu kifuani, akanibakiza nyuma. Tukateremka ule mlima ambao kuushuka ni kugumu kuliko kuupanda, kwenye mawe, kwenye majani yanayoteleza, kwa mwendo wa mtu wa miaka thelathini mwenye viatu vipya. Niliwaona wazee wangu wakikimbia. Sijapata kuona kitu cha aibu kama kile. Fimbo zilikuwa zimeachwa kule juu pamoja na ndizi. Mmoja wa wajane alikuwa anashuka kwa makalio. Bibi wa goti alikuwa katikati ya mstari, na nilimsikia akisema "Buhoro, buhoro," kwanza kwa sauti ya kuamuru, kisha kwa sauti ya kuomba. Kwenye ule ukingo wa mawe akaanguka. Hakupiga yowe. Nilisikia mfupa.

Katibu aligeuka. "Mwinueni."

"Ukimgusa nitakuuma," nikamwambia mgambo aliyeinama, na nadhani ningemuuma kweli.

Walimwacha. Walimchukua mzee mpishi peke yake, wakaenda naye, kwa sababu yeye ndiye waliyemtaka. Sisi tukabaki na bibi, paja limepinda upande usio wake, uso wake umekuwa wa majivu. Wale ndugu wawili wakavua mashati yao, wakavunja miti miwili, wakafunga machela kwa mashati, khanga na kamba za migomba. Ndipo yule mkubwa akasema, "Shika kichwani, mimi nishike miguuni." Mdogo akasema, "Kichwani kuna uzito, shika wewe, mimi mgongo unaniuma." Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao kwa miaka saba. Hakuna aliyeshangilia.

Zahanati haikuwa na kitu. Malori yalikuwa vitani. Tukambeba mpaka Rulenge, tukipokezana na watu wa njiani, na tulifika hospitali jua linazama. Sista aliyetupokea aliniuliza mgonjwa ameangukaje. Nikasema, "Alikimbizwa." Akanitazama, akaandika: ameanguka.

Jumatatu nilikwenda ofisini. Sikubisha hodi. Katibu alikuwa na faili mezani, na juu kabisa palikuwa na karatasi yenye mwandiko wangu. Mstari ulikuwa umepigwa kwa wino mwekundu chini ya maneno "moshi ukaonekana" na "watu wa ng'ambo ya mto".

"Hii niliandika kabla ya vita," nikasema.

"Tarehe naiona."

"Ng'ambo ya mto ni Burundi. Ana binti kule. Vita ni na Uganda!"

"Usinifundishe jiografia, mwalimu. Uliandika au hukuandika?"

"Niliandika, lakini maana yake..."

"Mimi sikuuliza maana." Akafunga faili. "Mzee amepelekwa wilayani. Wakubwa watamhoji. Kama hana kosa atarudi."

"Na bibi?"

"Vita ina gharama zake."

Nilirudi chumbani kwangu nikaandika ripoti nyingine, ndefu, kuanzia maharage yenye maua mpaka mfupa. Nikaipeleka kata kwa mkono wangu. Nikapeleka nakala wilayani Ngara, nikakaa kwenye benchi siku mbili. Karani aliipokea, akasema nitajibiwa. Jibu lilikuja baada ya mwezi, nalo lilikuwa barua ya kunihamishia Biharamulo.

Mzee mpishi alirudi kabla sijaondoka. Alikuwa amekaa ndani wiki tano, amekonda, meno mawili hayapo. Nilikwenda kwake nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, akaniuliza kama nimekula. Nilimwambia kuhusu ripoti. Akasema anajua, walimsomea. "Walinisomea mara nyingi hata nikaishika kwa moyo," alisema. "Umeandika vizuri." Hakusema kwa kejeli, na hilo liliniumiza kuliko kofi.

Bibi wa goti yeye hakunirahisishia. Alikuwa amerudishwa kutoka hospitali, amelazwa kwenye nyumba ya mwanawe kando ya barabara, mguu mmoja umekuwa mfupi. Nilipomwamkia hakuitikia. Akasema, "Nisomee."

"Nikusomee nini, bibi?"

"Ulichoandika. Wote wamekisikia isipokuwa mimi."

Nilikuwa na nakala kwenye daftari. Nikamsomea. Alinitaka nirudie. Nikarudia.

"Ni kweli tupu," akasema. "Tuliwasha moto. Moshi ulionekana. Alisema vile. Ungetusingizia ningejua la kukujibu." Akageukia ukutani. "Mapanga hukuyaandika, kumbe ulijua kunyamaza. Nenda, mwarimu. Umenichosha."

Nilikaa kidogo mlangoni, nikitumaini ataniita. Hakuniita. Kesho yake niliondoka, mizigo yangu vichwani mwa watu, na nilipitia Kirushya kumchukua mtoto wangu. Alilia njia nzima hadi Biharamulo, akimlilia mama yangu.

Vita ikaisha. Watu walicheza barabarani. Baada ya miaka kadhaa amri zikalegea, na watu wa mlima ule wakaanza kurudi juu mmoja mmoja, pasipo mtu kutangaza kwamba wanarudi wala kukiri kwamba kuwateremsha kulikuwa kosa. Ndugu wale wawili walijenga juu, nyumba zao zikitazamana. Mzee mpishi alirudi, akafia kule. Bibi alifia kando ya barabara. Nilipata habari zake kwa mtu aliyekuja Biharamulo kuuza asali, miezi minne baada ya mazishi. Waliomba wamzike kwenye mviringo wake, mwenyekiti wa wakati huo akakubali. Sikuwapo.

Katibu nilikutana naye mara moja tu, sokoni Biharamulo, nywele zangu zimeanza mvi na yeye amekwisha kuwa kipara. Alikuwa anachagua dagaa. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Mwalimu! Kumbe uko huku?" Akanyoosha mkono.

Sikuupokea.

"Yule bibi wa goti aliendeleaje?" akauliza.

Kwa hiyo alikumbuka. Miaka yote nilikuwa nimejifariji kwa kufikiri kwamba mtu wa namna ile husahau, kwamba kwake ilikuwa asubuhi moja kati ya asubuhi nyingi. Kumbe alikuwa anaikumbuka na analala usingizi.

"Hakutembea tena," nikasema. "Alikaa miaka sita uani, akiangalia magari. Amekufa."

"Mungu amrehemu. Ilikuwa vita, mwalimu."

"Vita haikufika Mbuba. Uliyefika ni wewe." Nilikuwa nimepaza sauti. Mwenye dagaa akaacha kupima. "Waambie hawa watu ulivyowakimbiza vikongwe kwenye mawe kwa sababu ya ndizi za kuchoma. Waambie!"

Watu waligeuka. Alitazama kulia na kushoto, akatabasamu kama anayemwonea haya mwendawazimu, akaondoka bila kuchukua kitu. Nilitaka kumfuata niseme na langu, kwamba karatasi ilikuwa yangu, na mwandiko ulikuwa wangu. Sikusema. Hilo nalo linaniudhi mpaka leo, kwamba nilimpigia kelele mbele ya soko zima nikajiacha mimi kando.

Mwenye dagaa alikuwa bado ameshika kopo lake hewani.

"Mama," akasema taratibu, "hawa nilishampimia. Utawachukua wewe?"

Nikamfungulia mfuko.